Mtoto wa miaka 7 na hesabu za kichwa: nimkataze vidole?

Mzazi wa Wawili:
Salaam, wanajukwaa. Binti yangu ana umri wa miaka 7, na kwenye daftari hesabu za kujumlisha na kutoa hazimpi shida: hupanga namba wima, huanza na mamoja, kisha hupata jibu sahihi. Tatizo hujitokeza ninapomuuliza kwa mdomo. Nikimwambia 8 kujumlisha 5, huficha mikono chini ya meza na kuhesabu vidole kuanzia 8, na mara nyingi hunipa 12 badala ya 13. Nikimhimiza aharakishe, hunyamaza kabisa au hutaja namba yoyote ilimradi nimwache. Nimekuwa nikimkaririsha majibu kila jioni kwa nusu saa. Ya jana huyakumbuka leo, lakini ya wiki iliyopita yamekwisha kutoweka. Naomba ushauri wenu: je, nimkataze vidole, na mazoezi yachukue muda gani?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu mzazi, usimkataze. Mtoto anayeficha mikono chini ya meza ameshaambiwa, kwa maneno au kwa jicho, kwamba vidole ni aibu, na sasa anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuhesabu na kujificha. Mwache aviweke juu ya meza ili nawe uone anavyohesabu.

Hiyo 12 yake, kwa kweli, imenifurahisha, kwa sababu si ya kubahatisha. Anapoanza na 8, kidole cha kwanza anakiita 8, cha pili 9, cha tatu 10, cha nne 11, cha tano 12. Amehesabu vidole vitano bila kukosea, ila amemhesabu tena 8 ambaye tayari yumo. Mwambie aguse paji la uso akisema «nane», maana hao wanane wamo kichwani, kisha kidole cha kwanza kiwe 9. Kosa hilo huweza kwisha ndani ya siku chache.

Baada ya hapo, mfundishe kuzivunja namba, kwani huo ndio moyo wa hesabu za kichwa. Anza na jozi zinazotimiza 10: 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5. Chukua vifungo kumi, mwoneshe, kisha funika baadhi kwa kiganja na umwulize vilivyofichwa ni vingapi. Akizizoea jozi hizo hata asihitaji kuvitazama vifungo, mrudishe kwenye 8 na 5: nane anahitaji 2 ili atimie 10, basi tunamchukulia 2 kutoka kwa tano, wanabaki 3, jibu ni 13. Ipo pia njia ya mapacha: anayejua kwamba 6 na 6 ni 12 hashindwi na 6 na 7, kwa kuwa anaongeza 1 tu. Na kwa kujumlisha 9, aongeze 10 kisha apunguze 1.

Jambo la mwisho, na wazazi wengi hulisahau: njia ya daftari haifai kichwani. Penseli huanza na mamoja kwa sababu karatasi inatunza kilichobaki, lakini kichwa hakina karatasi. Kwa 36 kujumlisha 27, aanze na makumi: 30 na 20 ni 50, 6 na 7 ni 13, jumla 63. Kwa njia hiyo hushika namba moja kubwa akilini na kuiongezea, badala ya kubeba tarakimu zilizotawanyika.

Baba Pacha:
Naafikiana na Mwalimu karibu katika yote, lakini naomba kukaririsha kusitupwe nje moja kwa moja. Kuvunja namba ni ngazi ya kupandia. Siku moja mtoto atahitaji kujua kwamba 8 na 5 ni 13 bila kuvunja chochote. Akiulizwa 48 kujumlisha 35, na akili yake yote ikaishia kwenye 8 na 5, ile 70 aliyokwisha kuipata itamponyoka. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa katika mpangilio: alikaririshwa kabla hajaelewa.

Kuhusu muda, nusu saa ni nyingi mno kwa umri huo. Wanangu walifanya vizuri zaidi nilipopunguza hadi dakika 5 au 10, tukaacha kabla hawajachoka. Na kwa kuwa ya wiki iliyopita yanasahaulika, kila siku changanya maswali mapya machache na ya juzi, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita. Kitu hukaa akilini kinaporudiwa kwa kupishanisha siku. Saa ya kupima kasi niliijaribu, nakiri. Mmoja aliipenda kama mchezo, mwenzake akaanza kuogopa hata hesabu alizozijua. Nikaificha saa yenyewe.

Mpenda Namba:
Naongeza dogo kuhusu lugha, maana tunalipuuza. Kiswahili kinamsaidia mtoto sana kati ya 11 na 19: «kumi na tatu» inajieleza yenyewe kuwa ni kumi moja na tatu. Msaada huo unapungua kwenye makumi. Sitini, sabini na tisini zinafanana na sita, saba na tisa, lakini hakuna mtoto atakayeisikia mbili ndani ya ishirini, wala nne ndani ya arobaini, wala tano ndani ya hamsini, kwani majina hayo yote ya makumi yametoka katika Kiarabu. Kwa wiki chache mruhusu aseme «makumi matatu na sita» kujumlisha «makumi mawili na saba». Makumi matatu na mawili ni matano, na hapo ndipo aambiwe kwamba jina lake ni hamsini.

Mzazi wa Wawili:
Nawashukuru nyote. Nimeanza na vifungo leo, na mikono imerudi juu ya meza. Swali moja limebaki: akikosea, nimpe jibu papo hapo?

Mwalimu Mstaafu:
Usimpe. Mwulize «umepataje?», na umwulize hivyo hivyo anapopatia, la sivyo atajifunza kwamba swali hilo ni jina lingine la «umekosea». Akikwambia 52 kutoa 48 ni 16, msikilize kwanza: huenda akakueleza kwamba 5 kutoa 4 ni 1, na 8 kutoa 2 ni 6. Amegeuza mamoja kwa kuwa 8 haitoki katika 2. Hapo huna haja ya kumsahihisha hatua kwa hatua. Mwombe apande kutoka 48 hadi 50, kisha hadi 52, na ahesabu amepanda ngapi. Lakini ukimpa 52 kutoa 3, mwache ashuke, maana kupanda kutoka 3 hadi 52 ni safari ndefu bure.