Windows 10 imefika mwisho: fundi aniwekee 11 kwa nguvu, nibaki, au niende Linux?

Mama Fotokopi, Katuba, Lubumbashi

Jambo ndugu zangu. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Katuba, huu mwaka wa saba. Mashini zangu ni mbili. Moja ni laptopu ya HP ProBook, Core i5-6300U, RAM GB 8, diski ya kawaida ya GB 500. Nyingine ni ya mezani, Core i3-2100, RAM GB 4, imezeeka lakini haijawahi kunilaza njaa. Zote zina Windows 10.

Tangu mwezi wa kumi 2025 laptopu inaniletea tangazo linaloziba skrini nzima kwamba Windows 10 haihudumiwi tena. Mara ya kwanza mteja alikuwa amesimama mbele yangu, nikalifunga bila kusoma. Mara ya pili nikalisoma, na usingizi ukakata. Fundi mmoja wa mjini anasema ataweka Windows 11 kwa nguvu kwenye zote mbili, dola 20 kila moja, kesho yake nafanya kazi. Kijana wangu anayesoma chuo anasema niachane na Windows kabisa, niweke Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta.

Hofu yangu ni TFC za wanafunzi, zile kazi zao za kumaliza masomo chuoni. Wanakuja na flashi, wanakuja na Word za kila namna, wananilipa kwa ukurasa. Siku tatu bila mashini wakati wa msimu ni kodi ya kibanda imekwenda. Printa nayo ni ya zamani, CD yake ilipotea. Ni kweli mashini zitazimika? Na mngekuwa mimi mngefanya nini?

Fundi wa Ruashi

Mama, tulia kwanza. Hakuna kitakachozimika. Kilichokwisha tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya bure ya usalama. Windows 10 ilitoka Julai 2015, imehudumiwa miaka kumi, sasa tundu jipya likigunduliwa halizibwi tena, na kadiri miezi inavyopita ndivyo matundu yanavyoongezeka. Kwa mtu anayepokea flashi za watu ishirini kwa siku, hilo si jambo dogo. Lakini si la kukurupukia wiki hii.

Soma namba ya prosesa yako, yaani ubongo wa kompyuta: i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni 6, yaani kizazi cha sita. Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ile ya mezani ni kizazi cha pili. Kwa hiyo kwa sheria ya Microsoft mashini zako zote mbili haziruhusiwi, na ndiyo maana fundi anasema "kwa nguvu".

Kuna njia ambayo fundi hakukuambia. Microsoft wametoa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watu wa nyumbani, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika winver, hakikisha imeandikwa toleo 22H2. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Windows Update, utaona kiungo cha kujiandikisha. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe kitu ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Akaunti moja inabeba hadi mashini kumi.

Lushois wa Kamalondo

Mukubwa hapo juu amesema vizuri, ila mimi naona mnamtisha mama bure. Nina laptopu ya kizazi cha sita kama yake. Niliandaa flashi kwa programu ya Rufus, ile inayoruka masharti ya TPM, nikaweka Windows 11, naitumia kila siku bila shida. Dola 20 si nyingi. Mwaka wa ziada ukiisha utarudi palepale.

Yaya Kampemba

Ndugu yangu wa Kamalondo, wewe una laptopu moja ya kwako. Mama ana kibanda. Wacha nieleze yaliyonipata.

Na mimi nina duka la kuchapa. Nilikubali kazi kama hiyo kwenye kompyuta ya mezani, mchana, duka likiwa wazi. Asilimia zilikuwa zimefika sabini na kitu, umeme ukakatika. Uliporudi, mashini iliwaka, ikajizima, ikawaka, ikajizima. Fundi akafuta diski nzima ili aanze upya. Barua za wateja, orodha ya madeni, picha za harusi ya mdogo wangu, vyote vikaenda. Kosa lilikuwa langu pia, sikuwa na nakala.

Halafu kuna hili ambalo watu hugundua baadaye: mashini iliyolazimishwa hailetewi toleo jipya la kila mwaka kwa njia ya kawaida. Masasisho ya kila mwezi huja, lakini Microsoft hawaahidi kwamba yataendelea. Toleo jipya likitoka unaita fundi tena, unalipa tena. Na hiyo i3 yenye GB 4, mama, usikubali kabisa. GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Utafungua Word na kivinjari pamoja, mteja atakwenda kunywa chai na kurudi.

Lushois wa Kamalondo

Pole kwa hayo, yaya. Kuhusu ya mezani nakubali. Kuhusu ProBook bado nasema inawezekana, lakini usiku, batri ikiwa imejaa, na nakala ikiwa nje.

Mama Fotokopi

Aksanti sana wote. Winver inasema 22H2 kwenye laptopu na kwenye ya mezani pia. Batri ya laptopu inashika dakika kumi tu. Kuhusu Linux mbona hakuna anayesema? Kijana wangu hanipi pumzi.

Mwalimu wa Bukavu

Dada, mimi natumia Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, tangu miaka mingi, kwa hiyo nisikilize vizuri ninapokuambia: usiiweke kwenye mashini unayochapia TFC.

LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika huko badala ya Word, inafungua faili za Word, tena vizuri. Times New Roman yenyewe haimo, inabadilishwa na herufi za upana uleule, mistari mingi inabaki mahali pake. Lakini ule ukurasa wa kwanza wenye fremu, nembo ya chuo na visanduku vya maandishi husogea. Jedwali la yaliyomo huhama. TFC ya kurasa 62 inatoka 64, na wewe unalipwa kwa ukurasa. Mwanafunzi atasema umemwibia, na mkurugenzi wake, yaani mwalimu anayemsimamia, atamrudisha asahihishe. Ugomvi huo sikutakii.

Kwenye ile ya mezani ni hadithi nyingine. Unajua vile virusi vya flashi vinavyogeuza folda zote kuwa njia za mkato? Mwanafunzi analia kwamba kazi yake imepotea, kumbe imefichwa tu. Chomeka flashi hiyo kwenye Linux: virusi hivyo vya Windows havifanyi kazi pale, na folda zilizofichwa unaziona zote. Unanakili kazi ya mtu, unaisafisha flashi, ndipo unaipeleka kwenye laptopu. Mimi nimefanya hivyo kwa wanafunzi wangu mara nisizoweza kuhesabu, na uso wa mtoto anapoiona kazi yake tena, dada, utaupenda.

Chukua Mint ya Xfce, ndiyo nyepesi. Faili yake inakaribia GB 3, basi tafuta mtu mwenye nayo usimalize mega zako. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029. Kabla ya kuiweka, washa kompyuta kutoka kwenye flashi iliyoandaliwa na Mint, haigusi diski. Chomeka printa, chapa ukurasa mmoja. Printa nyingi hutambulika bila CD. Isipotoka, zima, chomoa flashi, Windows yako iko vilevile.

Na wakati wa kuweka, chagua kibodi ya Kifaransa. Ukiacha ya Kimarekani, kwenye kibodi zetu ukibonyeza A inatoka Q, unatunga nenosiri usilolijua.

Fundi wa Ruashi

Naongeza moja tu. Ukipata pesa, usimpe fundi dola 40. Nunua SSD, ile diski mpya yenye kasi, kwa ajili ya ProBook. Toa diski ya zamani bila kuifuta, iandike tarehe, iweke kabatini. Jambo lolote likiharibika kwenye mpya, unarudisha ile kwa bisibisi na asubuhi unafungua kibanda.

Mama Fotokopi

Narudi kuwapa habari. Laptopu nimeiandikisha ule mwaka wa ziada kwa akaunti, bila kulipa, na masasisho mawili yameingia usiku. Faili za wateja na daftari la madeni nimezinakili kwenye diski ya nje, iko nyumbani.

Jumapili baada ya misa kijana wangu aliwasha ya mezani kwa flashi ya Mint. Printa imetambulika. Ukurasa wa majaribio ulitoka mweusi upande mmoja, lakini hilo ni wino, hata kwenye Windows ulikuwa hivyo. Tukachomeka flashi ya mwanafunzi mmoja aliyeniachia tangu Ijumaa, aliyeambiwa kila mahali kwamba kazi yake imekufa. Sura zote nne zilikuwemo. Nimempigia simu, anakuja kesho saa mbili.

Mwalimu, tumechagua kibodi ya Kifaransa. Fundi wa mjini nimemwambia asubiri. Sasa naomba mnijulishe: SSD ya GB 240 itatosha ProBook, au nitafute ya 480?

Fundi wa Ruashi

240 inatosha mama, kazi zako ni maandishi. Ukiinunua, omba waichomeke na kuiwasha mbele yako kabla hujalipa.