Tupeane uzoefu: Yule mwindaji Predator ulimjulia wapi?

Mtoto wa Kambi (Bombo)
Wadau, naanza mimi. Kibanda cha video nyuma ya kambi, miaka ya tisini. Mabenchi ya mbao, turubai juu, jenereta inakohoa nje, kiingilio shilingi 200. Ilikuwa sinema ya kwanza kabisa ya Predator, yule kiumbe kutoka sayari nyingine anayewinda watu, ile ya 1987 ya Arnold Schwarzenegger. VJ, yule mtafsiri wa sinema, alikuwa na maikrofoni yake, anachanganya Luganda na Kiswahili cha kambini, na kwa vile mwenyewe hakuwa ameielewa (haya nimeyajua ukubwani), alitwambia yule kiumbe ni askari aliyefukuzwa jeshini bila mafao, sasa amerudi kudai. Maafande wa benchi la nyuma wakamwelewa sana. Kila akiua mtu, mmoja anapaza sauti: "Mlipeni huyo!"

Mimi kilichoniingia ni tope. Arnold anatoka mtoni tope limemganda mwili mzima, kiumbe anapita hapo hapo na hamwoni. Macho yake yanafuata joto la mwili, na tope bichi limelifunika. Kesho yake nikapoteza pesa ya posho. Nikaenda shimo la matofali, nikajipaka toka utosini hadi vidoleni, nikasimama wima katikati ya migomba. Baba akaja moja kwa moja kama ameitwa. Fimbo juu ya tope linaloanza kukauka hamuijui nyie.

Haya, wewe ulimjulia wapi?

Mama Pacha (Jinja)
Ile ya pili, ya 1990, ya mjini Los Angeles. Shemeji alileta kanda, mimi nina mimba ya miezi saba. Kwenye treni ameshamaliza watu, amemnyanyua yule polisi mwanamke kwa shingo. Kisha kinyago chake kinamulika tumboni, anaona mtoto, anamshusha taratibu na kuondoka. Banange, nilipiga ukelele jirani akaja kuuliza kama uchungu umeanza!

Ndiyo sheria yao: mjamzito haguswi, asiye na silaha hakuna sifa kumuua. Wiki hiyo hiyo bombani vijana walinipiga kikumbo na jerikeni zao nikakosa zamu. Nikasema moyoni, yule wa kwenye treni angalau aliangalia kwanza.

Mjukuu (Gulu)
Mimi nataka kuwapa ya mjomba. Zamani aliwinda kwa wavu na mkuki, siku hizi sheria ya wanyamapori imemstaafisha. Krismasi nilimwonyesha kwenye simu. Alitazama kimya. Kujificha hewani hakukumshtua hata kidogo: "Mwindaji akionekana, amelala njaa." Zile nukta 3 nyekundu za kulengea akazisifu. Tukafika pale anapong'oa fuvu, analisafisha.

"Na nyama?"

Nikamwambia nyama hali, anataka fuvu la kutunza tu. Mjomba akanirudishia simu. Akasema kwetu mnyama akianguka, paja ni la nani na kifua ni cha nani watu wanajua kabla kisu hakijatoka. Huyu amekuja peke yake, kula hali, kugawa hagawi. "Huyo hawindi, ana hasira zake."

Nimejaribu kumtetea kwa ile sheria ya Mama Pacha. Hataki.

Mtoto wa Kambi (Bombo)
Mjukuu, mjomba wako angekaa na VJ wetu wangepatana! Halafu jambo dogo: aliyevaa yale mavazi ya kiumbe ni Kevin Peter Hall, jitu la zaidi ya mita 2. Mtazameni vizuri rubani wa helikopta mwishoni mwa ile ya kwanza. Ni yeye, kwa uso wake mwenyewe.

Dogo wa Arua
Nyie wazee na kanda zenu. Mimi ni sinema ya Prey ya 2022. Msichana wa Wakomanchi, wenyeji wa asili wa Amerika, anaitwa Naru, mwaka 1719, ana shoka lenye kamba na mbwa wake. Badala ya tope anatumia ua linalopoza damu. Na ile bastola ya kale iliyoandikwa 1715 anayopewa mwigizaji Danny Glover kwenye sinema ya Mama Pacha, humu ndimo unaiona kabla haijawafikia wale viumbe. Sinema nzima ina sauti za Kikomanchi pia, nasi bado tunasubiri ya Kiswahili.

Mjukuu, mwonyeshe mjomba Badlands ya 2025. Yautja (ndilo jina la kabila lao, mimi nilidhani ni mtu wa Koboko) anayeitwa Dek ndiye mhusika mkuu. Mdogo wa umbo kuliko wenzake, baba yake anaona aibu, anataka auawe. Anakwenda sayari nyingine kuwinda mnyama asiyeuawa ili akubalike.

Mjukuu (Gulu)
Nimemsimulia sasa hivi, yuko hapa anamenya mihogo. Anauliza: baba anataka kumuua mtoto, mama yuko wapi?

Dogo wa Arua
Mwambie asizime kabla haijaisha kabisa.