Naombeni ushauri: gundi ipi inafaa kwa gitaa kavu (lisilo la umeme) la zamani? Nipo Mtwara, ni haraka

Nyuzi Sita:
Wakuu, habari za jioni. Mimi nikitoka kazini napenda kukarabati magitaa mabovu, si biashara, ni kupitisha muda tu. Nimeshafufua matatu, moja nililikuta Chuno linalaliwa na vifaranga. Sasa nina la nne, la zamani sana. Ubao wa mbele umepasuka kuanzia kwenye tundu kushuka chini, mgongo umeachia upande mmoja na shingo imetoka. Ndani nina gundi nyeupe ya maseremala, nina supa gluu na nina ile ya kuchanganya tyubu mbili. Ipi itashika haraka na isionekane? Nataka liwe tayari kabla ya Jumamosi. Leo Jumatatu. Nalala saa 8 usiku kwa ajili ya hili gitaa, mke ameanza kununa.

Bwana Dafu:
Uzi wa nyuzi. Nimekaa paleee na dafu langu.

Seremala wa Mikindani:
Supa gluu ibakize kwa soli za kandambili. Na ile ya tyubu mbili usiiguse kabisa, ukishaitia hakuna fundi atakayelifungua tena bila kulivunja. Kabla sijakwambia kitu nijibu mawili. Shingo ilitoka yenyewe au uliitoa? Na Jumamosi kuna nini?

Nyuzi Sita:
Shingo ilikuwa imelegea, nikaisaidia kidogo na mvuke wa birika kama nilivyoona kwenye video. Jumamosi kuna shughuli ya familia tu mkuu, haihusiani.

Mama Vitumbua:
Haihusiani na hulali. Haya baba.

Kijana wa Ligula:
Chungulia ndani ya tundu na tochi, kuna kikaratasi? Kimeandikwaje?

Nyuzi Sita:
Kipo. Gallotone. Chini yake wameandika kwa Kiingereza kwamba wanadhamini halitapasuka 😂

Kijana wa Ligula:
Weeeee! Kaka umekalia mali! Gallotone ni ya Afrika Kusini, Gallo hao hao wa santuri. Gitaa la kwanza la John Lennon wa Beatles lilikuwa Gallotone, na lilikuwa na maneno hayo hayo ya kutopasuka. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 150,000. Google uone.

Bwana Dafu:
La Lennon liliuzwa kwa sababu ya Lennon. Lako lilipigwa na nani mkuu? Usije ukatuambia Mbaraka Mwinshehe.

Mzee wa Nachingwea:
Mmenikumbusha mbali. Baba yangu alikuwa na gitaa la namna hiyo, akilitundika ukutani juu ya kitanda. Sisi watoto tulikuwa tunasubiri alale mchana tuliguse uzi mmoja, ting, halafu mbio. Alipofariki tukalihifadhi stoo, kwa heshima. Miaka miwili baadaye mdogo wangu kalinyanyua kwa shingo, shingo ikaja peke yake. Mchwa walikuwa wamekula ndani kote, wamebakiza rangi. Mpaka leo sijui kwa nini tuliona stoo ndiyo heshima.

Mama Vitumbua:
Pole mzee wangu. Mleta uzi, narudi kwako. Hilo gitaa ulilipata wapi?

Nyuzi Sita:
Nililipata Mikindani.

Mama Vitumbua:
Kwa nani?

Nyuzi Sita:
Sawa. Ni la marehemu mjomba wangu. Jumamosi ni arobaini yake. Binti yake mkubwa anakuja kutoka Newala na ameshasema kwa simu kwamba atachukua vitu viwili tu, msahafu na gitaa. Mimi nililichukua siku ya nne ya msiba wakati watu wanapanga viti. Sikuiba. Mjomba mwenyewe aliniambia tangu niko darasa la sita, "hili likinishinda ni lako". Na lilikuwa limelegea, ningeliacha pale lingekufa. Mimi ndiye pekee kwenye ukoo ninayejua kulitengeneza. Naombeni tujikite kwenye gundi.

Bwana Dafu:
Umeyakanyaga.

Mila na Desturi:
Msimtishe kijana. Sisi Wamakonde asili yetu mrithi wa mjomba ni mpwa, mtoto wa dada. Watoto wa mtu ni wa upande wa mama yao. Wazee wetu wangeona ajabu hilo gitaa kwenda kwa binti. Kijana kaa nalo kwa amani.

Ustadh wa Lindi:
Mila hiyo tunaijua, lakini marehemu kaacha msahafu, si manyanga. Ikiwa ni zawadi, hiba haitimii mpaka ukabidhiwe angali hai. Ikiwa ni wasia, unakubalika kwa asiye mrithi ndani ya theluthi, na uwe na mashahidi. Ndugu yangu, alikukabidhi mkononi? Nani alisikia?

Nyuzi Sita:
Alisikia marehemu bibi.

Ustadh wa Lindi:
Marehemu kashuhudiwa na marehemu. Allahu musta'an.

Mama Vitumbua:
Mimi nina la cherehani. Mama yangu alipofariki, kwenye arobaini shangazi akasema "hii naondoka nayo, marehemu aliniahidi". Cherehani ya mkono, nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika pale mama alipokuwa anaegemeza kiganja. Sikuwa na haja ya kushona, hata kutia uzi sijui. Nilikuwa nataka pale tu palipofutika. Nikamwambia shangazi chukua. Sasa ni miaka 11, nikienda kwake naikuta imefunikwa kitambaa na juu kuna televisheni. Hajawahi kuishonea hata foronya.

Kijana wa Ligula:
Daah.

Seremala wa Mikindani:
Mlioleta mirathi endeleeni, mimi narudi kwenye mbao maana kuna kitu hakikai sawa. Magitaa mengi ya namna hiyo ubao wa mbele si kipande kimoja, ni plaiwudi, ndiyo maana walithubutu kuandika halitapasuka. Plaiwudi haipasuki mstari kufuata nyuzi za mti kama mninga. Inabanduka, inavimba. Pitisha kucha kwenye huo "mpasuko" uniambie.

Mpekuzi:
Na mimi niulize. Mjomba alipata wapi gitaa la Afrika Kusini?

Nyuzi Sita:
Alikuwa manamba kwenye mkonge Tanga, akalinunua kwa mwenzake wa kambini aliyekuwa ametoka migodini Johannesburg. Ndivyo alivyokuwa anasimulia.

Mpekuzi:
Wakuu hii ni chai, tena imekolea tangawizi. Akaunti ina wiki 2. Gitaa la Makaburu, manamba, binti wa Newala, msahafu, bibi shahidi naye kafa. Jana saa 4 usiku Kijana wa Ligula katutajia John Lennon na mnada wa London. Leo saa 1 asubuhi upande wa matangazo kuna mtu anauza "gitaa la kale, aina ya John Lennon, lipo Mtwara, laki 9 maelewano yapo". Huyu na Kijana wa Ligula ni mtu mmoja. Tunatungiwa msiba ili bei ipande.

Bwana Dafu:
😂😂😂 Dafu limenipalia.

Kijana wa Ligula:
Mimi na nani mtu mmoja? Mimi niko hapa tangu 2013, nenda kapekue na hilo. Mtu ukijua vitu unaitwa tapeli.

Mila na Desturi:
Kama ni chai basi nafuta niliyosema kuhusu mpwa. Siwezi kutetea mjomba asiyekuwepo.

Ustadh wa Lindi:
Hukumu ni ile ile, awepo asiwepo.

Mama Vitumbua:
Yaani nimelia na cherehani yangu kumbe natangaziwa biashara? Mleta uzi jitokeze. Na weka picha.

Nyuzi Sita:
Tangazo ni langu. Niliweka ili nijue thamani yake tu, sikuwa na nia ya kuuza moja kwa moja. Yupo mtu wa Dar alinipigia, kasema laki 4 likiwa zima, nikamwambia nitafikiria. Hata nikiuza ningempa binti wa mjomba nusu. Sijui mnanionaje lakini msiba ni wa kweli.

Seremala, nimepitisha kucha. Inakwama upande mmoja. Nikibonyeza pembeni panalia kama karatasi kavu.

Seremala wa Mikindani:
Basi mimi nakuamini, mtunzi wa chai hawezi kulijua hilo la karatasi. Halijapasuka. Hilo ni tabaka la juu limeachia, na kilicholiachisha ni birika lako. Gundi nyingi za zamani zinaachia kwa joto na maji, ndiyo maana shingo ikakutii. Ila mvuke hauna macho, hauchagui hii ni shingo hii ni tumbo. Mjomba alikuachia gitaa lenye shingo iliyolegea basi. Mengine umeyaongeza wewe.

Linatibika. Acha likauke kwanza siku nzima kivulini, si juani, si karibu na bati. Gundi nyeupe ilainishe na maji kidogo sana, ivute kwa bomba la sindano, ipenyeze chini ya tabaka mpaka itokeze ukingoni, futa kwa kitambaa kibichi. Juu tandika mfuko wa nailoni, halafu ubao mnyoofu, halafu uzito. Kwa ndani chini yake tegemeza, usije ukalibonyeza likazama. Saa 24 usichungulie. Kwenye shingo ondoa gundi ya zamani kwa kitambaa cha maji moto, usipige msasa, ukila mbao pale haitakaa tena kwenye pembe yake na nyuzi zitakuwa juu kama kamba ya kuanikia nguo. Mgongo na shingo funga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ukate vipande virefu, uzungushe ukivuta. Hakuna klampu inayobana sawasawa pande zote kama mpira. Nyuzi 6 za chuma zikikazwa zinavuta jumla kama kilo 70, kwa hiyo usizitie mpaka zipite siku mbili, na uanze na sauti ya chini.

Ukianza kesho, Ijumaa jioni linaweza kulia. Usiku mmoja wa kupumzika utakosekana, lakini litalia. Nyumbani kwangu nina meza na vifaa, njoo Alhamisi tulifunge pamoja. Sichukui hela. Ila ukija, uje umeshampigia yule binti, umwambie liko wapi na limefanywa nini. Kazi ya kuficha sifanyi.

Ustadh wa Lindi:
Maneno hayo.

Mpekuzi:
Mimi bado ni chai mpaka nione picha.

Mama Vitumbua:
Mwanangu umemsikia fundi. Piga simu leo, usisubiri Jumamosi mbele ya watu. Ulishampigia?

Nyuzi Sita:
Nashukuru sana Seremala, Mungu akubariki. Alhamisi saa 10 nitakuwa hapo. Huo mpira wa ndani, ninunue wa baiskeli ya 26 au ya 28?

Mama Vitumbua:
Nimeuliza umempigia?

Seremala wa Mikindani:
28.

Bwana Dafu:
Wakuu, dafu la pili.