Donington Park kwenye mvua: niende na tairi za barabarani au niache hela ipotee?

Mdigo_wa_Leicester

Wakuu, habari za jioni. Nimelipia siku ya kukimbiza pikipiki uwanjani Donington Park, hapa Uingereza, Jumatatu ijayo, kundi la wanaoanza. Sasa utabiri unasema mvua kuanzia asubuhi mpaka saa tisa alasiri, joto nyuzi 9. Waandaaji wameshaandika wazi kwamba mvua haiahirishi kitu na hela hairudi.

Pikipiki yangu ni Honda CBR650R. Tairi ni zile za safari ndefu za barabarani, kashata (michoro ya tairi) bado zimejaa. Sina gari wala trela, kwa hiyo nitatoka nayo Leicester na nitarudi nayo, na Jumanne alfajiri ndiyo hiyo hiyo inanipeleka kazini.

Mvua ya barabarani siiogopi, nimeshaendesha humu majira ya baridi. Ninachohofia ni uwanja wenyewe, maana kila ninayemuuliza ananiambia Donington ikilowa inateleza kuliko viwanja vingine, eti kwa sababu ya mafuta ya ndege za uwanja wa jirani. Naomba wenye uzoefu mnijibu: niende? Upepo niweke kiasi gani? Na nikishaingia, breki naibana wapi na kona nailalia kiasi gani? Mke wangu ameniuliza kama nitarudi mzima na sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

Kiboko_ya_Lami

Mkuu, mimi nakushauri uache. Soma bima yako vizuri, nyingi za barabarani hazikulipi ukishaingia uwanjani. Ukianguka, mkono wa klachi, plastiki za ubavuni, kioo, vyote vinatoka mfukoni mwako. Na wewe umesema mwenyewe pikipiki ndiyo kazi. Hela ya siku moja inauma, lakini inapona.

Dada_wa_Bendera

Kaka Mdigo, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Derby, na wikendi nyingi nasimama pembeni ya uwanja nikiwa na bendera mkononi, kazi ya kujitolea. Siku nikiwa huru napanda SV650 yangu na kuingia uwanjani kama wewe. Kwa hiyo mvua naiona pande zote mbili, na jibu langu ni nenda. Alichosema Kiboko kuhusu bima ni kweli, isome kabla ya Jumatatu. Lakini kwa mtu anayeanza, siku ya mvua ni darasa ambalo jua haliwezi kukupa. Lami kavu inakusamehe mkono mzito. Lami iliyolowa inakuambia hapo hapo, na inakuambia ukiwa bado na mwendo mdogo.

Habari ya mafuta ya ndege utaisikia kila kona ya maegesho. Ukiwa juu ya tandiko haikusaidii kitu. Angalia hivi: kwenye kila kona kuna utepe mweusi, pale ambapo wakimbiaji wote hupita. Mpira umesuguliwa pale miaka na miaka, lami imelainika mpaka inang'aa. Kukiwa kukavu, hapo ndipo penye mshiko. Ikinyesha, paepuke. Pita mita moja au mbili nje yake, kwenye lami ya kijivu ambayo bado ina ukali, na pale ambapo huna budi kuukata huo utepe, ukate pikipiki ikiwa imesimama wima. Kingo zenye rangi na mistari myeupe usiziguse kabisa, hata kwa tairi la nyuma wakati unatoka kwenye kona.

Sasa breki, maana hapo ndipo ninapowaona wengi wakianguka, na karibu wote kwa namna moja. Mtu anachelewa kubana, anaogopa, halafu anakamata mkono wote kwa mkupuo pikipiki ikiwa imeshaanza kulala. Mimi natumia vidole viwili. Kwanza navuta mpaka pedi ziguse diski tu, nisikie ule ukinzani mdogo, nisubiri mbele ya pikipiki izame na uzito uende kwenye tairi la mbele. Hapo ndipo naongeza, na naongeza polepole. Utashangaa nguvu utakayoipata, maana tairi likishabebeshwa uzito linashika hata kwenye maji. Ni ule msubirio mdogo wa mwanzo ndio watu wanaouruka. Halafu unaachia vile vile, taratibu, na kazi kubwa ya breki iwe imekwisha kabla hujaanza kulaza. Anza kubana mapema kuliko unavyofikiri. Mkono wa mafuta nao hivyo hivyo: usiufunge ghafla katikati ya kona, kwa sababu injini nayo inafunga tairi la nyuma. Tumia gia moja ya juu zaidi ya ile ungetumia kwenye ukavu, mlio ushuke, mvuto uje kwa upole.

Donington ina jambo lake moja ambalo nataka ulishike kuliko yote niliyoandika. Ukitoka mstari wa kuanzia unaingia Redgate, kona ya kulia, ndefu, inayokushawishi kugeuka mapema. Baada yake Hollywood, kulia tena. Halafu unaanza kuteremka Craner Curves, na hapo unatakiwa kulala kushoto, kwa mwendo, ukiwa kwenye mteremko. Uwanja huu una kona nyingi za kulia kuliko za kushoto, kwa hiyo ubavu wa kushoto wa tairi zako unakuwa haujafanya kazi muda mrefu, na siku ya nyuzi 9 na maji unapoa kabisa. Mtu amejisikia vizuri Redgate, amejisikia vizuri Hollywood, anailaza Craner kwa imani ile ile na tairi la mbele linaondoka. Craner pita kama msafiri, kila mzunguko, hata ukiona wenzako wanakupita. Ukifika kona ya Old Hairpin kule chini ukiwa umetulia, unapanda kuelekea kona za McLeans na Coppice, na hapo unaweza kujaribu kidogo kidogo. Coppice nayo huoni mwisho wake mpaka umeshaanza kugeuka, kwa hiyo usiingie na mwendo wa kubahatisha.

Mwili utoe kwenye tandiko kuelekea ndani ya kona, bega na kichwa vitangulie. Wengi hufanya hivyo siku ya jua kwa ajili ya picha, kwenye mvua wanakaa wima kama wako kwenye kiti cha ofisi. Ni kinyume. Uzito wako ukienda ndani, pikipiki inabaki wima zaidi kwa mwendo ule ule, na tairi linakushukuru. Goti kugusa chini lisahau siku hiyo.

Asubuhi mtaanza na mizunguko ya kutazama njia mkiwa nyuma ya mwalimu. Itumie kuangalia maji: wapi yanakatiza lami, wapi yametuama. Kisha muombe mwalimu akuongoze tena. Kundi la wanaoanza huwa na waalimu, na siku ya mvua wako huru zaidi kwa sababu baadhi ya watu hawaji. Ukiona bendera ya njano yenye mistari myekundu iliyosimama, mwenzangu anakuambia mbele kuna utelezi. Tunaitoa kwa sababu tumeuona kwa macho, kaka, usipite kana kwamba ni pambo.

Msafiri_Moro

Dada ameeleza vizuri sana. Nichangie upande wa upepo. Mimi niliendesha boda Morogoro kabla sijahamia huku, na kule masika, njia ya kupanda Mgeta ikishakuwa tope, tunapunguza upepo ili tairi litanuke lishike. Sioni kwa nini uwanjani iwe tofauti. Punguza mpaka 25 (kwa kipimo cha psi) mbele na nyuma, utaona mshiko.

Fundi_Spana

Mkuu wa Moro, kwenye tope uko sahihi, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Lami yenye maji ni kitu kingine. Tope ni laini, tairi linahitaji eneo kubwa ili lisizame. Lami ni ngumu, na tatizo ni maji yaliyo katikati ya lami na mpira. Yale maji yanatoka kwa kupita kwenye mifereji ya tairi. Ukipunguza upepo sana, tairi linalegea na mifereji inajibana, maji yanakosa pa kwenda, unaanza kuelea juu yake.

Wanaokimbia siku za jua hupunguza upepo kwa sababu tairi litapata joto na upepo ndani utapanda wenyewe. Jumatatu kwa nyuzi 9 na maji juu, tairi halitapata joto hilo, kwa hiyo ile nyongeza unayoitegemea haiji. CBR650R kiwanda kinasema 36 mbele na 42 nyuma. Mbele ningeacha 34 mpaka 36. Nyuma, kwa kuwa uko peke yako bila abiria wala mzigo, ningeshusha mpaka 37 au 38. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, na uwe na kipimo chako mwenyewe, vile vya vituo vya mafuta vinadanganya.

Shokapu: ya mbele kwenye pikipiki hiyo hairekebishiki, usipoteze muda. Ya nyuma ina ule mzunguko wa kukaza springi tu. Ilegeze hatua moja au mbili kutoka ilipo, pikipiki itahamisha uzito kwa upole zaidi. Kama hujawahi kuigusa, ifanye nyumbani Jumapili, siyo pale kwenye maegesho huku unatetemeka.

Na usikubali mtu akuuzie tairi za mvua za mashindano. Ni nzuri ajabu kwenye maji, lakini haziruhusiwi barabarani na wewe unaendesha kwenda na kurudi. Zaidi ya hapo, mvua ikikatika na lami ikaanza kukauka, ule mpira laini unachemka na kuchanika ndani ya muda mfupi. Tairi zako za safari zimetengenezwa kwa ajili ya baridi na maji. Kwa siku uliyoieleza, ningezichagua hata kama ungekuwa na gari la kubebea nyingine.

Mdigo_wa_Leicester

Nawashukuru sana, nimesoma mara mbili na mke wangu amesoma pia. Nimeamua kwenda. Bado mambo matatu. ABS (mtambo wa kuzuia breki zisifunge tairi) na ile mitambo ya kuzuia tairi la nyuma kuzunguka bure, niiache ikiwa imewashwa? Kioo cha helmeti nilichonacho ni cheusi, kinafaa? Na baridi, maana nikikaa na suti ya ngozi iliyolowa siku nzima najijua.

Dada_wa_Bendera

Vyote viache vimewashwa. Umeme ule ni wa kukuokoa, na taa ya ule wa tairi la nyuma ikiwaka kwenye dashibodi ni taarifa: umevuta mafuta mapema mno au kwa nguvu mno pale. Iangalie imewaka wapi, uje upole zaidi mzunguko unaofuata. Usiigeuze kuwa mtindo wa kuendesha, yaani kufungua tu na kuuachia mtambo ukate.

Kioo cheusi hapana kabisa. Nunua kisicho na rangi na ile karatasi ya ndani ya kuzuia ukungu, ibandike nyumbani kwa utulivu, ikae sawasawa pembe zote. Ukungu ukikushika kwenye mteremko wa Craner unabaki na rangi ya kijivu tu mbele yako, huioni lami wala bendera yangu. Pumua kwa pua na usifungue kioo ukiwa ndani ya uwanja, maji yakiingia hayatoki.

Baridi naitilia mkazo, kwa sababu naona kundi la mchana linavyoendesha tofauti na la asubuhi. Vidole vikishakufa ganzi, ile breki ya taratibu niliyokueleza haiwezekani tena, unabana kama mtu aliyeshika chuma. Vaa glavu nyembamba za mpira, zile za hospitali, ndani ya glavu zako za ngozi. Koti na suruali ya mvua inayokubana mwili vaa juu ya suti, isipeperuke. Soksi na glavu za pili weka kwenye mfuko wa plastiki. Kati ya vipindi vua, kunywa chai ya moto, kula kitu. Vipindi huwa kama dakika 20, na hakuna sheria ya kwamba lazima uingie vyote. Ukiona unatetemeka, ruka kimoja.

Jambo la mwisho ni saa tisa, mvua ikikatika. Kutatokea njia kavu nyembamba na watu wataanza kuongeza mwendo. Nje ya njia hiyo bado ni maji. Hapo ndipo bendera zetu hufanya kazi kubwa kuliko asubuhi yote, kwa sababu mtu anapita mwenzake, anatoka kwenye ukavu, anabana breki kwenye maji. Usimpite mtu kipindi hicho. Kaa nyuma yake.

Kiboko_ya_Lami

Sawa, mmenishinda kwa hoja. Mkuu Mdigo, basi angalau piga simu kwa watu wa bima Ijumaa, usingoje Jumatatu. Wapo wanaouza bima ya siku moja ya uwanjani, lakini usome kiwango utakachokatwa kwanza kabla hawajalipa wao.

Fundi_Spana

Kabla hujaanza safari ya kurudi Leicester: rudisha 42 nyuma, futa maji kwenye cheni na uipake mafuta, kagua mvutano wake, halafu zungusha magurudumu uangalie kashata zote kwa mwanga. Sheria ya hapa inataka angalau milimita 1 kwenye robo tatu ya upana wa tairi, nawe utakuwa juu ya hapo kwa mbali, lakini uwanjani huwa kuna vipande vya chuma na plastiki vya walioanguka. Ukikuta kitu kimechoma, usikichomoe hapo hapo. Nipigie, Loughborough ni njiani na ninaweza kuja na gari.