Kumbukumbu ya mama wa nyumbani, Lamu: tuandike nini zaidi ya "alikuwa mpole na mkarimu"?

Binti_Langoni

Assalaam aleikum. Mama yetu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Hitima ya arobaini itasomwa hapa Lamu, na sisi ndugu tumekubaliana tutoe kijitabu kidogo cha kurasa kumi hivi, tuwagawie wajukuu na jamaa wa Malindi na Mombasa.

Tatizo ni kwamba kila tukikaa kuandika tunaishia mistari mitatu. Alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu, hodari wa kupika. Basi. Hakuajiriwa popote, hana vyeti, na picha ni chache. Mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho mwenyewe alikuwa akisema si wake. Mapishi yake hayakuandikwa. Ayajuaye ni khalati yetu, dada wa mama, naye ukimuuliza vipimo hukwambia "tia kiasi".

Wanaojua kazi hii tusaidieni: tuulize nini, tumuulize nani, mwaka tuupate vipi, na mapishi tuyaandikeje hata mtu aliye mbali aweze kuyafuata? Maneno ya kumsifu tunayo tele.

Mzee_wa_Mkomani

Waaleikum salaam. Poleni sana, Mola amlaze pema.

Mistari inakuwa mitatu kwa sababu mnaandika tabia. Andikeni kazi. Chukueni siku yake moja ya kawaida, tangu adhana ya alfajiri mpaka taa inapozimwa, muulize kila saa mikononi alikuwa na nini. Maji yalitoka wapi: kisima cha nyumba, au bomba, na kabla ya bomba ilikuwaje? Chungu cha mchana kilipikiwa watu wangapi, na kati yao wangapi si wa nyumba hiyo? Sahani iliyofunikwa ilipelekwa kwa nani? Mtapata ukurasa mzima kabla hamjafika alasiri.

Kisha chukueni siku zisizo za kawaida. Ramadhani. Wiki ya Maulidi, wageni wanapojaa mji: walilazwa msana upi (ule ukumbi mrefu wa nyumba ya mawe), kwa mikeka ya nani, na nani alikesha jikoni. Harusi: alikuwa somo (kungwi wa bibi harusi) wa nani, alipaka hina, au kazi yake ilikuwa wali wa sufuria kubwa? Hapo ndipo "mkarimu" linapopata mwili, wala halina haja ya kuandikwa.

Msisahau pesa. Neno "mama wa nyumbani" huficha biashara nyingi hapa kwetu. Wako walioshona kofia, waliosuka ukili, waliotuma watoto na sinia la vitumbua, walioshika daftari la upatu, ule mchango wa kupokeana kwa zamu. Kama alishona kofia, ulizeni sehemu gani ya kazi ilikuwa yake, maana mara nyingi mmoja huchora, mwingine hutoboa na kushona. Kofia ya kazi safi ni ya miezi. Aliiuza kwa nani, kwa bei gani, na pesa ile ilinunua nini? Ada ya skuli? Cherehani? Bati la jiko? Hayo yaandikwe na tarakimu zake.

Wa kuulizwa si nyinyi watoto kwanza. Mtoto hajui miaka iliyotangulia kuzaliwa kwake, na iliyofuata aliiona kutoka chini ya meza. Nendeni kwa wenzake wa upatu, kwa jirani wa upande wa pili wa wikio (chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili), kwa mwenye duka aliyemuuzia nyuzi. Muulizeni kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mkubwa atasema na wengine wataitikia.

Jina liandikwe kamili: lake, la babake, la babu, na la mamake pia. Mtaa mzima unamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mjukuu wa kesho hatalijua lingine.

Sasa mwaka. Usimuulize mzee "alizaliwa mwaka gani". Muulize ulikuwa msimu gani wa upepo, kusi au kaskazi, na mwezi gani wa Kiislamu. Halafu funga na jambo linalojulikana tarehe: mafuriko makubwa ya 1961, Uhuru wa 12 Desemba 1963, vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, shilingi ya Kenya ilipoingia 1966. Wakati huo mama alikuwa anaenda chuoni, kusoma Kurani? Amevunja ungo? Ameolewa? Ana mtoto mkononi?

Msimu na mwezi vikikutana vinachuja vizuri. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Ramadhani huzunguka na kurudi msimu ule ule baada ya miaka kama 33. Ramadhani ya 1951 iliingia mwanzoni mwa Juni, kusi limeshika. Ya 1965 iliingia mwanzoni mwa Januari, kaskazi. Khalati akishikilia kuwa dada yake alizaliwa Ramadhani ya kusi, basi katikati ya miaka ya 60 imeshatoka, hata kama kitambulisho kinasema hivyo. Pia angalieni umri ulihesabiwa kwa mwaka upi: miaka 66 ya Kiislamu ni kama 64 ya kawaida. Msipofika kwenye mwaka mmoja, andikeni "karibu na 1950" na mtaje mliyoyasikia. Tarehe 1 Januari kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya karani, si ya mzazi.

Jiko_la_Shela

Mapishi nijibu mimi. Mkimwambia khalati apime, atapika vibaya. Mkono uliozoea ukisimamishwa kila hatua hupoteza njia. Mwacheni apike kama siku zote, nyinyi pimeni pembeni.

Nunueni mizani ndogo ya jikoni. Kabla hajagusa kitu, pimeni mfuko wa unga, kopo la sukari, chupa ya mafuta, vyote, muandike. Akimaliza, pimeni vilivyobaki. Tofauti ndiyo "kiasi" chake. Hamira na iliki ni nyepesi mno kwa mizani hiyo. Mwekeeni kwenye kibakuli vijiko vya chai mlivyovihesabu na kuvisawazisha, kisha hesabuni vilivyobaki. Tui mlipitishe kwenye jagi la mililita kabla halijaingia chunguni. Msiandike "nazi mbili", kwa kuwa nazi hazilingani. Pimeni nazi iliyokunwa, na mseme ni tui la kwanza au la pili.

Kikombe chake cha kupimia kijazeni maji mkipime: gramu za maji ndizo mililita. Kama alitumia kopo la kibaba, pimeni kopo lake lenyewe kwa mchele. Vibaba vinne ni pishi kwa kila mtu, lakini makopo ya madukani yanatofautiana sana.

Moto ndio unaosahaulika. Andikeni makaa mangapi chini, mangapi juu, na alama anayoingoja: harufu, mlio, rangi ya ukingo. "Dakika 20" peke yake haimsaidii mtu mwenye jiko la gesi Nairobi.

Huu hapa mkate wa sinia, mwone namna ya kuandika. Vipimo vya mama yenu vitakuwa vyake. Mchele nusu kilo, ulowekwe usiku kucha, uchujwe. Tui zito mililita 350 hadi 400, la vuguvugu tu. Likiwa la moto linaua hamira. Sukari gramu 200, hamira kijiko cha chai kimoja, iliki punje kumi zilizotwangwa, ute wa yai moja kwa wanaoupenda. Saga mchele na tui mpaka ukisugua rojo kati ya vidole husikii chenga hata moja. Tia hamira, sukari na iliki, funika, ngoja dakika 45 hadi saa moja. Wakati wa kaskazi huumuka upesi zaidi. Piga ute, uchanganye polepole. Pakaza sinia samli, lipate moto, mimina, kisha moto mdogo chini na makaa mengi juu ya kifuniko.

Makosa ya mkate yaandikwe pia, hayo ndiyo mtoto wa mbali anayoyahitaji. Ukiwa na chenga, mchele haukulowa au haukusagwa sawa. Ukiwa na tabaka la uji chini, tui lilizidi. Ukizama katikati na kunuka uchachu, umeachwa kuumuka kupita kiasi. Ukiungua chini na juu bado mbichi, moto wa chini ulikuwa mkali. Na mchele ule uliokwisha chemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa haufai kabisa kwa mkate huu, hata uloweke siku mbili.

Mpikisheni mara mbili, siku tofauti. Vipimo vikitofautiana, andikeni vyote viwili. Mapishi manne yaliyopimwa hivi yanatosha. Kijitabu chenye thelathini za kukisia hakuna atakayepika.

Mwambao

Poleni wafiwa. Kabla ya kijitabu, fungueni daftari lake. Kama alikuwa kwenye upatu na zamu yake ilishapita, bado anadaiwa michango iliyobaki. Kama haijafika, kuna haki yake huko. Na akina mama wa umri ule waliwekeana amana: mkufu wa jirani, pesa za mtoto wa mtu kwenye kitambaa. Ulizeni wenzake kwa siri, na siku ya hitima mtu mzima atangaze kuwa mwenye dai aje kwa familia. Daftari lenyewe mlipige picha. Hesabu zake kwa mkono wake zina thamani kuliko ukurasa wa sifa.

Binti_Langoni

Shukran nyote, mmetufungua macho. Daftari la upatu lipo kweli. Mambo matatu yamebaki. Picha chache zilizopo zimegandamana kwenye albamu, ile ya kurasa za gundi na plastiki. Na sauti yake iko kwenye simu yake, kwenye WhatsApp, tunaogopa kuigusa. Halafu ndugu mmoja hataki picha yake itiwe kabisa kwa ajili ya stara.

Picha_Malindi

Dada, anza na simu, hiyo ndiyo yenye muda. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini iliyolala muda mrefu kampuni huichukua ikampa mtu mwingine. Usiiondoe programu wala usiirudishe simu upya. Fungua mazungumzo, hamisha zile sauti moja moja kwenye kompyuta, kila faili ipe tarehe na jina la aliyetumiwa. Nakala iwe mahali patatu, na mahali pamojawapo pawe nje ya nyumba hiyo. Sauti mbili tatu fupi ziandikeni kijitabuni kama alivyosema, kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu. Asitokee mtu wa kuzisafisha ziwe sanifu.

Albamu: kwanza piga picha ukurasa mzima ulivyo, na maandishi yoyote yaliyo pembeni. Baadaye chukua uzi wa meno, upitishe nyuma ya picha kuanzia pembeni, uvute huku na huku kama msumeno, polepole. Ikikataa, iache hapo hapo. Picha iliyopigwa kwenye ukurasa wake ni bora kuliko iliyochanika uso. Ukungu uuondoe kwa brashi laini kavu, nje ya nyumba, usitumie kitambaa cha maji. Na usikubali mtu akutilie picha za asili plastiki ya moto. Hazitoki tena.

Kuzipiga kwa simu, kaa kiwandani, yaani uani, saa tatu asubuhi, kivulini, picha imelala mezani na simu imelala sawa juu yake. Flashi izimwe. Kung'aa kukiendelea, mtu ashike buibui jeusi juu ya simu, mng'ao unaisha. Majina nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya. Ukimtumia mwenye kuchapa kupitia WhatsApp, tuma kama dokumenti, vinginevyo inapunguzwa na kwenye karatasi itatoka na ukungu.

Kuhusu stara, mimi naona ndugu yenu asishindwe kwa kura. Nyumba nyingi za Lamu hazitoi picha ya mama, na kijitabu hakipungukiwi. Tieni picha ya kofia aliyoshona, karibu kiasi cha kuona mshono. Mbuzi yake ya kukunia nazi. Kanga zake mbili tatu, zimekunjuliwa hadi maandishi yasomeke. Picha ya uso anayetaka apewe mkononi na familia.

Uchapaji: karatasi ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo kurasa kumi hazipo, chagueni 12 au 16. Karatasi ya gramu 80 inaonyesha maandishi ya upande wa pili, ombeni ya 100. Herufi ziwe kubwa, ukubwa wa 13 au 14, wasomaji wenu wengi ni wazee. Kabla ya kupeleka, mtu amsomee khalati yote kwa sauti, na pale atakapokatiza, andikeni anachosema. Na mwambieni mchapaji ashone kwa uzi katikati. Pini za chuma kwa hewa yetu ya chumvi zinapata kutu, na doa lake linaingia kwenye kurasa.