Arusha: Mnatuuzia risasi za kujaza upya ndani ya boksi la kiwandani, halafu mnasema bastola zetu ni mbovu!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kuna duka hapa Arusha mjini, jina naliacha kwa sababu malalamiko yangu yameshafika kunakohusika, limeniuzia risasi za .38 Special. Boksi la kiwandani, bei ya kiwandani. Ndani ni maganda yaliyokwisha kupigwa, mtu kayaokota na kuyajaza upya kwa mkono. Nikirudi kulalamika naambiwa, "Mzee, bastola yako imechoka, mpelekee fundi."

Bastola yangu haijachoka. Ni ya silinda, .357 Magnum, ina leseni, na naitunza kwa sababu nafanya biashara ya madini na barabara ya Mererani naijua usiku ilivyo. Siku hiyo hiyo, bastola hiyo hiyo, nilipiga risasi za zamani nilizokuwa nazo nyumbani na hakuna iliyosumbua. Sasa ugonjwa wa bastola unachagua boksi?

Kijana wa dukani akaja na hoja nyingine: eti kosa langu ni kupiga .38 kwenye bastola ya .357. Mtu anauza risasi na hajui hili! .357 ilitoka mwaka 1935, na ganda lake ni la .38 Special lililorefushwa kama milimita 3 hivi, makusudi, ili risasi kali isiingie kwenye bastola dhaifu. Kinyume chake inaruhusiwa kabisa. .38 ndani ya .357 itakuachia pete ya masizi kwenye matundu ya silinda, unasugua, basi.

Twende kwenye yaliyotokea uwanja wa shabaha. Kwanza silinda iligoma kuzunguka. Nikaifungua, nikapitisha ukucha kwenye vitako vya risasi: fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachogongwa na kuwasha baruti, zimechomoza. Haziko sawa na kitako, ziko juu yake. Silinda ikizunguka fataki inakwaruza chuma cha nyuma, unakaza triga mpaka kidole kinauma. Aliyezipachika hakuzisukuma hadi mwisho. Ndiyo maana pia nyingine zilikuwa hazilipuki nyundo ikigonga mara ya kwanza, zinalipuka ya pili: pigo la kwanza linamalizia kazi ya kuisukuma fataki ndani, la pili ndilo linaiwasha. Muuzaji anasema springi ya nyundo imelegea. Springi ikilegea alama ya pini inakuwa ndogo. Hizi zangu zina mashimo ya kutosha, na nimeyahifadhi maganda yote kwa anayetaka kuyaona.

Halafu ikaja hii inayonifanya niandike.

Risasi moja ilitoa "puf". Hakuna mlio, hakuna teke la bastola kurudi nyuma, moshi kidogo tu kwenye mwanya kati ya silinda na mtutu. Jamaa anayesimamia pale akaniambia, "Piga tena mkuu, hiyo haikukolea." Sikupiga. Nilielekeza mtutu kwenye ukingo wa udongo, nikasubiri nusu dakika kwa sababu baruti nyingine huchelewa kuwaka, nikatoa risasi zote, nikaingiza kijiti cha mbao kwa mbele ya mtutu. Kikagota njiani. Kichwa cha risasi kimekwama ndani!

Ningemsikiliza yule bwana, risasi inayofuata ingegonga ile iliyokwama, na mtutu ungevimba au kupasuka mkononi mwangu na usoni mwa aliyesimama pembeni. Mtu anayesimamia uwanja anawezaje kusema "piga tena"? Hilo ndilo neno la mwisho kumwambia mtu ambaye bastola yake imelia vibaya.

Na msidhani ile ya "puf", iliyosahauliwa baruti, ndiyo ya kutisha peke yake. Aliyesahau kuweka baruti kwenye ganda moja anaweza kuwa ameweka mara mbili kwenye lingine. Ganda la .38 Special lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi za baruti nyeusi iliyokuwa ikijaza nafasi yote. Baruti za leo zinazowaka haraka ni kijiko kidogo tu chini ya ganda. Ukiweka mara mbili haimwagiki, na kwa nje huoni chochote. Nimeziacha zote zilizobaki, sipigi hata moja.

Nilipozimwaga mezani niliona mengine. Chapa za viwanda tofauti kwenye vitako ndani ya boksi moja. Mikwaruzo ya wima kwenye maganda. Fataki nyingine za rangi ya fedha, nyingine za rangi ya shaba. Vichwa havilingani urefu, na kimoja nilikisukuma kwa dole gumba kikasogea, maana mdomo wa ganda haukubanwa. Kichwa cha hivyo huvutwa mbele na teke la risasi zinazotangulia, kinachomoza nje ya silinda, silinda inakwama.

Kujaza upya si dhambi. Marekani na Afrika Kusini watu wanajaza majumbani mwao kwa mizani na vitabu vya vipimo, na mjazaji anapiga mwenyewe alichojaza. Hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na huyu aliyejaza hizi kajificha nyuma ya boksi la mtu mwingine.

Pesa yangu siidai. Nataka duka liseme limezitoa wapi na lizirudishe zote lilizouza. Kama umenunua .38 Arusha au Moshi hivi karibuni, usiende nazo uwanjani wala usizitegemee kiunoni kabla hujazimwaga kwenye mwanga ukaangalia vitako. Ukikuta chapa zimechanganyika, weka picha hapa chini, ufiche namba za leseni.