Mjadala: Jiwe alilong'olewa Colston pale Bristol, apandishwe nani? Au libaki wazi?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Mlioko Uingereza habari hii mnaijua, nitaieleza kwa kifupi kwa ajili ya walioko nyumbani.

Tarehe 7 Juni 2020, dunia ikiwa bado inawaka kwa kifo cha George Floyd, waandamanaji wa Bristol waliifunga kamba sanamu ya Edward Colston, wakaivuta ikaanguka, wakaiburuta hadi bandarini na kuitosa majini. Colston alikuwa mmoja wa vigogo wa Royal African Company. Katika miaka aliyokuwamo, kampuni hiyo inakadiriwa kusafirisha Waafrika 84,000 utumwani, na 19,000 kati yao wakafia njiani. Alikufa mwaka 1721. Sanamu alisimamishiwa mwaka 1895, miaka 174 baadaye, ikiwa na kibao kinachomsifu kuwa mwana mwema na mwenye hekima wa mji. Siku hizi sanamu imelazwa chali katika makumbusho ya M Shed, na rangi nyekundu waliyoimwagia waandamanaji haijasafishwa.

Lakini jiwe alilokuwa amesimama lilibaki pale pale katikati ya mji. Julai 2020 msanii Marc Quinn alilipandishia alfajiri, bila kibali, sanamu ya Jen Reid, mwanamke mweusi aliyepanda hapo siku ya maandamano na kunyanyua ngumi. Kesho yake halmashauri ikaiondoa. Tangu hapo kila mtu ana mgombea wake, na jina linalotajwa kuliko yote ni la Paul Stephenson, msemaji wa mgomo wa kususia mabasi wa mwaka 1963, aliyefariki Novemba 2024. Wengi wanaona hakuna cha kujadili: mfanyabiashara ya watumwa ametoka, mpigania haki aingie.

Mimi napinga, na sababu si kwamba Stephenson hafai. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji, Bristol Omnibus Company, ilikuwa haiajiri weusi wala Waasia kuwa madereva au makondakta, wakati yenyewe ilikuwa na uhaba wa watu. Chama cha wafanyakazi pale mjini kilikuwa upande wa ubaguzi. Wanachama wake walikwishapitisha azimio la kuwakataa tangu 1955. Stephenson, afisa vijana mwenye miaka ishirini na kitu, akaamua kuwapima. Akamtafutia usaili kijana aitwaye Guy Bailey, mfanyakazi wa ghalani na kiongozi wa vijana wa Boys' Brigade, ambaye kwa sifa hakuwa na pa kukosolewa. Kampuni ilipojua kuwa ni Mjamaika, usaili ukafa hapo hapo. Tarehe 30 Aprili Wakaribi wa Bristol (wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi) wakaanza kususia mabasi, na kesho yake wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana kuwaunga mkono. Meneja mkuu alitetea ubaguzi ule hadharani, bila haya. Ilipofika tarehe 28 Agosti kampuni ikasalimu amri, siku ile ile Martin Luther King alipohutubia Washington.

Sasa nani kiongozi hapo? Stephenson alikuwa msemaji, alijua kuongea na magazeti, alikuwa na mvuto. Ila waliounda baraza la West Indian Development Council ni Roy Hackett, Owen Henry, Audley Evans na Prince Brown. Hackett alisimama na wenzake barabarani Fishponds Road kuyazuia mabasi yasiingie mjini. Na Bailey ndiye aliyefungiwa mlango. Tukimpandisha mmoja, hao wengine ndiyo basi tena.

Jambo la pili, lile ni jiwe la Colston. Utakayempandisha pale, kila mgeni akiuliza "huyu nani?" atajibiwa kwanza, "Hapa zamani alikuwa Colston." Yaani hata akiwa amelala makumbusho, bado yeye ndiye mwenyeji na mtu wetu ni mpangaji wake.

Watu wa St Pauls, mtaa wenyewe wa Wakaribi, wamekwishaonyesha njia. Msanii Michele Curtis, binti wa Bristol hiyo hiyo, aliwachora waanzilishi saba wa St Pauls Carnival (ilianza 1968) kwenye kuta za nyumba, kila mmoja amejaza ukuta mzima: Hackett, Henry, Evans, Carmen Beckford, Barbara Dettering, Clifford Drummond na Delores Campbell. Wanaitwa watakatifu saba wa St Pauls. Stephenson hayumo, kwa sababu shughuli yao haikuwa yake, na hakuna aliyenuna. Hiyo ndiyo heshima ninayoielewa: watu wa mtaa wanamchagua wanayemjua, mahali alipofanyia kazi.

Karibuni. Matusi hapana.

MBEBA BOKSI WA MIDLANDS

Mkuu umeandika vizuri, ila nakupinga waziwazi. Michoro ya St Pauls inaonwa na nani? Na watu wa St Pauls, ambao Roy Hackett walikuwa wanakutana naye dukani. Anayehitaji kumjua Hackett ni yule anayeshuka treni, anapita katikati ya mji kwenda ofisini, maisha yake yote hajawahi kukanyaga St Pauls. Huyo miaka yote alikuwa anapishana na Colston.

Unachosema, ukikivua nguo nzuri ulizokivisha, ni kwamba weusi waheshimiwe uani na sebule iachwe tupu. Kumbuka pia kwamba huko uani hakuna usalama. Sanamu ya Alfred Fagon, mwandishi wa tamthilia mzaliwa wa Jamaika, ilisimamishwa St Pauls mwaka 1987, kichwa na mabega tu, pembeni mwa barabara. Siku chache baada ya Colston kuangushwa, kuna mtu alikwenda akaimwagia kemikali ya kuunguza. Colston alihitaji mamia ya watu na kamba. Fagon ilitosha chupa moja gizani.

MAMA SWALEHE

Mwanangu mleta mada, mimi naandika kutoka Mombasa na Bristol sijafika. Nina jambo moja la kukuuliza: gharama analipa nani? Sisi Kenya tuna ukumbusho wa Mau Mau pale Uhuru Park, Nairobi, uliozinduliwa Septemba 2015. Fedha zilitoka serikali ya Uingereza, hao hao waliowatesa. Nao hawakuutoa kwa huruma. Wazee walikwenda mahakamani London, na Juni 2013 serikali ile ikaeleza masikitiko yake bungeni na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ukigawa si hela ya kumtajirisha mtu, lakini ilitangulia. Wazee walipofika kwenye uzinduzi hawakuwa wamekuja kuomba.

Kwa hiyo hilo jiwe mimi halinishughulishi. Kampuni ya mabasi iliwalipa nini wale iliowanyima kazi?

MLETA MADA

Shikamoo Mama Swalehe. Swali lako ni zito. Fidia ya aina hiyo mimi sijaisikia. Kilichokuja ni radhi, nayo ilitoka kwa chama cha wafanyakazi cha Unite, kilichokirithi kile cha zamani. Mwaka nao ni huo huo unaoutaja, 2013, nusu karne baada ya tukio. Mwaka uliofuata kibao cha kumbukumbu kikawekwa stendi kuu ya mabasi ya Bristol.

Mbeba Boksi, nitakujia.

KINDA LA JANGWANI

Mnagombania jiwe wakati kodi za nyumba Bristol zinawahamisha wajukuu wa hao watakatifu saba. Miaka ishirini ijayo ukutani yuko babu, ndani wanaishi watu wanaomwona pambo la mtaa. Naondoka.

MWANASHERIA MTORO

Usiondoke Kinda, umesema la maana kuliko nitakalosema mimi. Lakini acha niseme.

Mnasahau kwamba heshima nyingine zimekwishatolewa, na za juu. Stephenson alipewa heshima iitwayo uhuru wa jiji la Bristol mwaka 2007, mtu mweusi wa kwanza kuupata, na mwaka 2009 akapokea OBE, nishani ya Himaya ya Uingereza. Hata treni ina jina lake. Kwa upande mwingine alikuwapo Benjamin Zephaniah, mshairi wa Birmingham, ambaye mwaka 2003 aliikataa OBE hiyo hiyo hadharani, akisema inamkumbusha ukatili na utumwa. Nishani yenyewe ina jina la dola ya kikoloni, na ndiyo wanayopewa watoto wa waliotawaliwa. Kila mwaka kuna watu weusi na Waasia wanaojikuta njia panda: uipokee mtaa wako upate sauti, au uikatae ulale usingizi. Mimi siwalaumu waliopokea. Carmen Beckford aliyetajwa hapo juu alipewa MBE, ngazi ya chini ya OBE, mwaka 1982, na kwa mwanamke mweusi wa enzi zile, barua yenye MBE mwisho wa jina ilifunguliwa na afisa wa halmashauri haraka kidogo kuliko isiyo nayo.

Heshima halisi kwa watu wa 1963, kwa jicho la sheria, ni ile Sheria ya Mahusiano ya Mbari ya 1965, na zaidi ya 1968, kwa sababu ya 1965 iligusa hoteli, baa na sehemu za umma tu. Ajira na nyumba vilingoja miaka mitatu mingine. Maana yake, kwa miaka mitano baada ya ushindi wa Bristol, kampuni katika mji mwingine wowote ingeweza kumfanyia kijana mwingine yale yale aliyofanyiwa Bailey na usiwe na pa kuishitaki. Huwa nawaambia wanafunzi wangu hivyo wanaponiambia mgomo ule ulimaliza ubaguzi.

BINTI WA NGAMIANI

Nawasoma tangu juu. Mwanamke wa kwanza kwenye mada ni wa kwenye sanamu, wa pili ni msanii, kisha majina ya wanawake ukutani, mwisho MBE. Kwenye kisa chenyewe cha mabasi hakuna hata mmoja! Roy Hackett alikuwa na mke, Ena. Ena aliomba kazi ya ukondakta, sifa alikuwa nazo, akanyimwa. Mzee Hackett alipokwenda kuziba barabara alikuwa na shauri la nyumbani kwake pia. Wanaume wa sanamu mmeshawapanga foleni, Ena hata kwenye foleni hayumo.

CHAPATI MOTO

Naongeza foleni. Kondakta wa kwanza asiye mzungu kuajiriwa Bristol baada ya mgomo alikuwa Raghbir Singh, Kalasinga, Septemba 1963. Wakaribi wakafuata baada yake. Babu yangu alikuwa fundi wa reli Nairobi kabla hajahamia Leicester, na nyumbani kwetu jina la Singh lilitajwa sana. La Stephenson nimelisikia ukubwani. Mkisema "viongozi wa jamii", jamii ipi? Watu wa kilemba walikuwa wamefungiwa mlango huo huo.

MBEBA BOKSI WA MIDLANDS

Chapati Moto, nakubali, na hilo linanipa nguvu zaidi. Mkiendelea kuongeza majina hamtasimamisha kitu, kamati itakufa kwa uchovu. Mji unakumbuka uso. Waingereza walipomtaka Colston hawakuandika majina ya wanahisa wote wa Royal African Company. Walimchukua mmoja, wakampa koti na fimbo, akasimama miaka 125. Sisi tukitaka yetu tunaanza kugawana kama nyama ya harusi. Stephenson apande. Wengine wafuate kila mmoja na mahali pake.

MLETA MADA

Mbeba Boksi, hiyo ya sebule na uani imeniuma, lakini angalia unachopendekeza. Unataka tuwakumbuke watu waliovunja kazi ya Colston kwa njia aliyokumbukwa nayo Colston: mzee mmoja wa shaba juu ya jiwe, wenzake chini. Wao walishinda kwa sababu kina mama walitembea kwa miguu kwenda kazini kwa miezi, kitu ambacho shaba haiwezi kukionyesha.

Sebule nami naitaka. Ila kwangu sebule ni stendi ya mabasi. Pale ndipo kosa lilipofanyika, na pale anapita kila mtu, mweupe kwa mweusi, kuliko hata penye jiwe. Kibao cha 2014 ni kidogo, mwenye haraka hakioni. Kiondoke, ujengwe ukuta mrefu unaowakabili abiria wanaposubiri, wenye majina yote: ya baraza, Bailey, Stephenson, Ena Hackett, Singh. Anayelipa, Mama Swalehe, awe kampuni ya mabasi ya sasa pamoja na chama, maana njia zile bado wanazilia faida. Jiwe la Colston wabaki nalo halmashauri, wapande maua wakitaka.

MBEBA BOKSI WA MIDLANDS

Na kwenye huo ukuta nani anaanza? Usiniambie hilo halina maana, nimekaa kwenye kamati za harusi na misiba.

BINTI WA NGAMIANI

Kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Anaanza Bailey, wanafuata Brown na Evans, Hackett wawili, Ena kabla ya Roy, halafu Henry, Singh, Stephenson mwisho.

MBEBA BOKSI WA MIDLANDS

Stephenson mwisho! Familia yake waulizwe kwanza.

CHAPATI MOTO

Waulizwe wote. Na wale wanafunzi wazungu walioandamana Mei mosi?

MLETA MADA

Wanafunzi hapana. Nipo tayari kulijadili, lakini hapana.